Dakika Tano za Upepo

...na mkono umeshaanza kupanda wenyewe, Kwamboka anaukamata kwa ule mwingine na kuurudisha mgongoni, maana Cheryl ameinua macho kwenye daftari lake kule nyuma ya darasa, Cheryl huyu wa miaka ishirini na sita, mkuu wa muziki na maigizo hapa shuleni, aliyemwambia asubuhi mlangoni, "Madam, leo please usiwaonyeshe kitu. Wape dakika tano watengeneze sauti ya upepo wa hadithi wao wenyewe. Ukiwaingilia tena siwezi kukupitisha, na hii ndiyo lesson ya mwisho naangalia, si unajua?" anajua, atakosaje kujua, mara ya kwanza alianguka, ya pili akaanguka, leo akianguka hakuna cheti cha kufundisha huku, ni kubaki msaidizi wa darasa, kupeleka watoto chooni na kufunga kamba za viatu, yeye aliyefundisha miaka kumi na mmoja kwao Kenya, Webuye, yeye ambaye kikundi chake cha mashairi kikipanda jukwaani kwenye tamasha la muziki walimu wa shule nyingine walikuwa wanatazamana tu... dakika tano, jamani, dakika tano za nini, upepo ni kitu rahisi, mikono juu, yumba kushoto, yumba kulia, shhh, midomo arobaini kama mmoja, angewapa kwa nusu dakika na wangekishika, lakini wapi, siku hizi mtoto haonyeshwi, mtoto anagundua, haya basi, watazame wanavyogundua, wawili wanagombania ngoma, mmoja amevaa tari kichwani, na hadithi yenyewe ni ya paka aliyepoteza watoto wake kwenye vumbi, vumbi lenyewe liko hapo nje ya dirisha, tangu jana Doha nzima ina rangi ya chai ya maziwa, wageuke tu waone, lakini nani ageuke... Ijumaa kanisani kule Mesaimeer aliwafundisha watoto wimbo mzima kwa robo saa, wazazi wakapiga makofi, na Peninah, anayelala naye chumba kimoja mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, akamwambia, "Aki wewe ulizaliwa mwalimu," sasa aliyezaliwa mwalimu amesimama hapa mikono nyuma kama mshtakiwa, amekasirika mpaka masikio yanawaka, dakika mbili zimepita, mbili tu, na yule msichana wa kwenye zulia, yule asiyesemaga, anatoa nini, chupa ya maji, ala zimejaa kikapuni yeye anatoa chupa, weka chini, mdomo wa Kwamboka umeshafunguka, weka chini... shuka chini, hayo alimwambia nani, alimwambia Nafula, Nafula wa darasa la nne kule Webuye, mikono thelathini na tisa juu na wake bado, kila siku, alipomuuliza kwa nini akajibu, "Mwalimu, mimi husikiliza kwanza," darasa likacheka, na wa kwanza kucheka alikuwa mwalimu, halafu ile alfajiri ya kwenda fainali, basi linanguruma getini, "Nafula, shuka chini, utatuangusha," akashuka na sare yake iliyopigwa pasi, hakulia, alitazama tu, na kombe lilikuja, bado liko ofisini kwa mwalimu mkuu... msichana ameweka mdomo kwenye shingo ya chupa, anapuliza, uuuu, ananyamaza, ameinamisha kichwa, anakunywa funda moja, anapuliza tena, uuuu, nzito zaidi, wa tari amegeuka, wa ngoma wameacha kuvutana, na hakuna aliyemfundisha, Kwamboka asingeweza kumfundisha, miaka kumi na mmoja na hajawahi kuusikia upepo huu, Cheryl anamuudhi bado, daftari lake linamuudhi, angalau angetabasamu, lakini anaandika tu, na msichana anakunywa funda lingine, na dakika mbili bado ziko kwenye saa, na kitu ambacho Kwamboka hakuwahi kujiuliza miaka yote hii ndicho anachojiuliza sasa hivi, basi lilipoondoka, kukiwa bado giza, kilomita saba mpaka kwao, yule mtoto alirudi nyumbani na nani.