Mseto Aenda Redioni

Fundi cherehani alikuwa anapinda sketi ya shule pale mtayarishaji wa redio alipobisha hodi. Alikuwa msichana mwenye adabu, viatu vimejaa vumbi la kutafuta nyumba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Gauni au blauzi?"

"Wala, mama. Natoka redioni. Tunataka kumkumbuka mzee."

Mzee ni mumewe, ambaye watu wote walimwita Mseto, hata mama yake mzazi. Katika mji ule ndiye aliyekuwa mpiga gitaa wa kwanza kukataa kuchagua. Gitaa alililiza kiroki, tarumbeta ya jazi akaiacha izungumze nalo bila haraka, na chini yake akatandika nyimbo za wanawake wanaotwanga, filimbi za wachungaji na ngoma za nchi alizozijua kwa kuzisikia tu kwenye masafa mafupi. Watu wa roki walisema ni jazi. Watu wa jazi walisema ni kelele. Vijana hawakusema kitu, walicheza mpaka soli za viatu zikaachia.

"Tunaomba kanda zake," alisema mtayarishaji.

"Kanda si mnazo nyinyi? Alirekodi kwenu, mimi nikiitikia, na tumbo limenifika hapa."

Msichana akatazama vipande vya nyuzi sakafuni. "Zilifutwa, mama. Enzi hizo kanda zilikuwa adimu. Walirekodi hotuba juu ya kanda hizo hizo."

"Hotuba za nini?"

"Hakuna anayekumbuka."

Fundi alikata uzi kwa meno. Picha za mumewe alikuwa nazo, na shati la jukwaani alilomshonea kwa pazia la sebuleni. Sauti yake hakuwa nayo hata ya dawa.

Jioni Mseto alikuja, kama alivyozoea kuja kila Ijumaa tangu azikwe. Alivua viatu mlangoni, akakaa kwenye kiti cha wateja, akauliza habari za wajukuu. Mkewe akampa za wajukuu, kisha akampa za redio.

"Hotuba," alisema Mseto. Akafikiri kidogo. "Basi nitakwenda mwenyewe. Siku hizi nafasi ninayo."

Walikwenda asubuhi ya Jumatatu, yeye na gitaa lake, mkewe na mkoba. Getini mlinzi alidai vitambulisho.

"Changu kilirudishwa serikalini nilipofariki," alisema Mseto.

"Bila kitambulisho huingii, mzee."

Fundi akaacha chake kwa niaba ya wote wawili. Mlinzi akaridhika, maana utaratibu ni utaratibu.

Studioni palikuwa na ubaridi na harufu ya zulia jipya. Mpiga besi alikuwa amehamia ng'ambo kitambo. Mpiga ngoma naye alikuwa amefariki, lakini hakuwa mtu wa kutembeatembea. Kwa hiyo Mseto alipiga peke yake, akigonga mdundo kwa kisigino, na mkewe akaitikia. Sauti yake ilikuwa imezeeka, ikawa inachelewa kwenye kupanda. Mseto akapunguza mwendo, akaingojea, kama alivyokuwa akimngoja nje ya ukumbi zile Jumamosi za zamani, mashati yamewaganda kwa jasho na wote wawili wanacheka bila sababu. Wimbo ulipokwisha, mtayarishaji alijifuta macho kwa mkono wa blauzi.

Mkurugenzi akaingia, akawapa mkono.

"Kazi nzuri, mzee. Ila tuuweke wapi? Kipindi cha roki, cha jazi, au cha muziki wa asili?"

Swali lile Mseto alikuwa ameliacha pale pale mlangoni ujanani mwake, akalikuta halijazeeka hata unywele.

"Vyote," alisema.

"Kipindi hicho hatuna. Halafu ni mrefu."

Ijumaa jioni waliusikiliza nyumbani. Mkurugenzi alieleza jinsi redio ilivyomlea marehemu, ikamshika mkono wakati wengine hawamwelewi. Gitaa lilisikika kwa mbali nyuma ya maneno yake, kama la jirani, kisha likanyamaza.

"Wamekata kabla hujaingia," alisema Mseto.

"Nimesikia."

Simu ikaita. Ni mtayarishaji, analia. Aliomba radhi, mechi ya mpira ilihitaji nafasi kwenye mashine, na wimbo wote umefutwa. Fundi akamwambia asilie, kosa si lake, na akamkaribisha siku yoyote.

"Wamefuta?" aliuliza Mseto.

"Wamefuta."

"Uliimba vizuri lakini."

"Nilichelewa."

"Nilikungoja."

Giza lilikuwa linakaribia, na Mseto hakupenda kurudi gizani. Alivaa viatu, mkewe akajifunga khanga, akamsindikiza mpaka kwenye kona, kama anavyosindikizwa mgeni yeyote. Ndani ya nyumba, mkurugenzi alikuwa bado anazungumza.