Kiti cha Nyuma cha Mzee Sadrudin

Siku Mzee Sadrudin alipoileta pikipiki mpya nyumbani, mtaa ulinyamaza kama unavyonyamaza jeneza linapopita. Muuza vocha alisimama. Fundi cherehani aliacha kukanyaga. Champaben, jirani wa ghorofa ya pili, alijitokeza roshani na kikombe cha chai, akakisahau mkononi mpaka chai ikapoa.

Kuiita pikipiki ilikuwa kuikosea adabu. Ilikuwa na injini ya kutosha kuvuta lori la saruji, boksi tatu za mizigo, redio, kioo cha kukinga upepo, na kiti cha nyuma chenye egemeo na mikono miwili ya kupumzishia viwiko, kama kile anachowekewa mgeni rasmi siku ya mahafali.

"Ina hadi rivasi," Mzee Sadrudin alitangaza, akairudisha nyuma kidogo ili wenye mashaka wajionee.

"Kwa hiyo ni gari lililokatwa," Champaben akasema kutoka juu.

Mzee alikuwa anamtazama mke wake, Ishrat, aliyesimama mlangoni akijifuta unga mikononi.

"Kile kiti ni chako, mama Aman. Tutafika Musoma. Tutafika popote."

"Nzuri," Ishrat akasema.

Baada ya miaka thelathini na kitu ya ndoa, mwanamume makini angelichukua neno hilo na kuligeuza aone chini yake kuna nini. Ishrat alikuwa akisema "nzuri" kuhusu vitu vya watu wengine: mapazia ya wifi yake, kwa mfano. Lakini mzee alikuwa anafuta vumbi kwenye taa.

"Na ile yetu iko wapi?"

"Nimeiuza asubuhi. Ameichukua kijana wa bodaboda wa Kirumba, anaitwa Masalu."

Ishrat aliangalia pale ukutani ilipozoea kuegemezwa. Palikuwa na doa la oili tu. Akarudi jikoni.

Ile ya zamani ilikuwa ndogo, nyekundu, yenye kelele za kukohoa. Ishrat aliipanda kwa kukaa upande, miguu yote kushoto, gauni lake refu limekunjwa vizuri, mkono wa kulia umezunguka kiuno cha mumewe. Hivyo ndivyo mama yake alivyopanda, na wakwe zake, na hapakuwa na mjadala. Fundi Nestory aliwachomelea kibao cha chuma cha kukanyagia upande huo. Kila Jumapili jioni walizunguka Capri Point, na Mzee Sadrudin alichagua njia ya kuliweka ziwa kushoto ili mkewe alitazame. Walisimama kula mihogo ya kuchoma, kisha wakarudi.

Na njiani waliongea. Nyumbani hawakuwa watu wa maneno. Yeye alikuwa na taarifa ya habari, mkewe alikuwa na sufuria zake. Lakini juu ya pikipiki ile Ishrat alisogeza mdomo karibu na sikio la mumewe akasema yote. Ndoa ya mtoto wao Aman ilikubaliwa hapo. Ugomvi wa duka na kaka wa mumewe ulimalizwa hapo. Mama yake Ishrat alipofariki, alilia hapo mzunguko mzima, na shati la mumewe likalowa. Kila jambo kubwa la nyumba ile lilisemewa mgongoni kwa Mzee Sadrudin.

Kilichomponza ni Wazungu wawili wazee aliowakuta kituo cha mafuta cha Kisesa, wakisafiri kwa pikipiki kubwa. Yule mama alikuwa amejinyoosha kwenye egemeo lake, anakula tufaha. Mzee Sadrudin aliona aibu. Wa kwake alikuwa ananing'inia pembeni kama kapu la sangara! Akarudi mjini ameshaamua. Jambo la kumuuliza mwenye kukalia kiti halikumpitia akilini.

Jumapili ya kwanza mtaa ulijipanga kushuhudia. Kukaa upande kulishindikana kabisa: mikono ya kiti ilizuia huku, boksi zikazuia kule. Ililetwa stuli. Ishrat alipanda juu yake, akashika bega la mumewe, akavusha mguu, na gauni likapanda hadi magotini mbele ya muuza vocha, ambaye kwa heshima aliangalia mbinguni.

"Umekaa vizuri?" Mzee aliuliza kwa kiredio cha kuongelea kilichokuwa ndani ya helmeti zao.

"Nimekaa kama niko kwa daktari wa meno."

Walizunguka Capri Point kwa upole wa ajabu. Pikipiki haikukohoa. Mkono haukuja kiunoni. Haukuwa na sababu ya kuja, mikono ya kiti ilikuwa inatosha. Mzee alisubiri maneno. Redio ilikuwa safi, ungeweza kumsikia mtu akimeza mate, na alimsikia akimeza mate. Ziwa lilikuwa kushoto, lakini mwenye kulitazama alikuwa ameelekezwa kwenye kisogo cha helmeti.

Walipofika nyumbani Ishrat alishuka kwa stuli, akasema, "Ahsante, baba Aman."

Hakuwa amewahi kumshukuru kwa Jumapili. Neno lile mzee alilibeba wiki nzima.

Jumapili iliyofuata Ishrat alisema magoti yanamuuma. Nyingine alikuwa na wageni, na mgeni mwenyewe alikuwa Champaben, ambaye hakuwa amewahi kukaa kwao zaidi ya dakika ya kuazima chumvi. Mzee Sadrudin alienda kuzunguka peke yake, kiti cha mgeni rasmi kitupu nyuma yake, akarudi bila kula mihogo. Nyumbani taarifa ya habari ilisomwa, sufuria zikaoshwa.

Ndipo alipoenda Kirumba. Alimkuta Masalu nje ya soko la Mwaloni, amekaa juu ya ile nyekundu, anatafuna muwa.

"Shikamoo, mzee! Umekuja kuisalimia?"

"Marahaba. Nimekuja kuichukua. Taja unachotaka."

Masalu aliacha kutafuna. "Mzee wangu, hapo umenionea. Unakiona hiki kibao cha miguu? Kina mama wa samaki wananigombania kwa ajili yake. Wenzangu wananiita dereva wa maharusi. Siuzi."

"Nitakupa mpya."

"Mpya haina jina mjini." Akamwangalia mzee, akaona kitu usoni pake kilichomfanya ateme muwa. "Ila mama naweza kumzungusha. Jumapili nipo."

Mzee Sadrudin aliondoka akiwa ametukanwa, kwa maoni yake. Jioni akamsimulia mkewe kama kichekesho, akaiga hata sauti ya kijana.

Ishrat hakucheka. "Saa ngapi?" akauliza.

Basi Jumapili msafara ulitoka. Mbele alitangulia Masalu, ameoga, amevaa shati la kola. Nyuma yake Ishrat, upande, miguu kwenye kibao, ameshika chuma cha kiti. Nyuma yao, kama gari la wagonjwa linalosubiri ajali, Mzee Sadrudin na injini yake, ambayo kwa mwendo ule mdogo wa bodaboda ilipata joto ikawa inamchoma paja.

Miaka yote hiyo alikuwa anaisikia sauti tu. Sasa alimwona. Aliona mtandio ukipepea, uso umeelekea majini, macho yamefinywa kwa jua, na mdomo unaoongea, unaoongea bila kukoma. Aliona mkono ukinyooshwa kuonyesha kitu ziwani. Masalu akageuza shingo, akacheka. Mzee Sadrudin alifungua kioo cha helmeti na kukaza masikio, akapata upepo na muungurumo wake mwenyewe.

Kwenye mihogo alimwuliza, "Mlikuwa mnaongea nini?"

"Mambo tu," Ishrat akasema, akampulizia kipande kilichokuwa cha moto, akampa.

Waliporudi mlangoni Masalu alishika kofia yake. "Mama, Jumapili ijayo?"

Ishrat alimtazama mumewe vizuri, kuanzia helmeti hadi suruali iliyoungua.

"Muulize baba Aman," akasema, "kama atapata nafasi ya kutufuata."

"Nitapata," Mzee Sadrudin akasema.

Masalu akaondoka, ile nyekundu ikikohoa. Ishrat akaingia ndani. Mzee alibaki na pikipiki yake, akabonyeza rivasi, nayo ikaitika vizuri sana, bila kelele. Ilirudi nyuma hadi kwenye lile doa la oili, ikagusa ukuta, ikakoma hapo.