Tausi wa Gharibu

Tausi wa Gharibu alikuwa na sauti mbaya kuliko ndege wote wa Kasulu, na nina haki ya kusema hivyo kwa sababu nyumba yangu na yao zimepakana ukuta. Alianza kupiga ukelele kabla ya mwanga. Sisi tulivuta mablanketi na kumlaani. Bi Mwanaamina aliamka, akatawadha, akaswali. Huku kwetu ni juu mlimani, na upepo ukigeuka adhana ya mjini haifiki. Zamani aliyemwamsha alikuwa mumewe, marehemu Gharibu. Alipofariki, kazi hiyo ikabaki kwa tausi aliyemleta kutoka Tanga angali kifaranga.

"Huyu akinyamaza nitakuwa nimefiwa mara ya pili," alituambia siku moja, na hakuna aliyecheka.

Halafu kideri kikaingia mtaani. Kwetu kuku akianza kusinzia na kuharisha kijani hatungoji afe, maana mzoga hauliwi. Tunamwahi kwa kisu. Jirani yetu Mpawenimana, aliyezaliwa kambini na wazazi waliotoka Burundi, ni Mkristo, lakini hajawahi kula kuku peke yake. Kila anapotaka kuchinja humbeba kuku mpaka uani kwa Bi Mwanaamina, mzee Isihaka, mchinjaji wetu wa mtaa, amchinje kwa Bismillahi, ili mama naye apate paja. Ndivyo alivyofanya hata kwa kuku wake wagonjwa. Damu ilimwagika pale, manyoya yalinyonyolewa pale, karibu na sufuria ya maji ya tausi. Tulikula, tukashukuru.

Haukupita muda tausi akajikunyata chini ya mpapai, mabawa yameshuka, na mkia wake ule wa majivuno umelala kwenye tope.

Hapo ndipo nilipojua kwamba Kasulu nzima ni madaktari. Huyu alisema pilipili kichaa, yule majivu, mwingine shubiri mwitu. Mwenye duka la dawa za mifugo alikuwa tayari kutuuzia kila chupa, ila tulipotaja tausi akakuna kichwa. "Huyo si ndege wa Ikulu?" Bwana mifugo alikuwa kijijini Kitanga kwenye ng'ombe; alituambia kwa simu, kwa uungwana, kwamba hajawahi kumtibu tausi na hataki kubahatisha. Yeye ndiye aliyetupa namba ya Daktari Nduwayezu wa Kibondo. Mpawenimana akapiga, wakaongea Kirundi harakaharaka.

"Anakuja kesho na basi la kwanza," alisema, machozi yakimtoka. "Kasema tusimpe kitu chochote."

Alikuja kweli. Alisafisha viatu vyake kwa dawa kabla ya kuingia uani, akachuchumaa, akamshika tausi. Shingo ilikuwa imeshaanza kupinda.

"Ni kideri, Mama. Hakina tiba. Chanjo ni ya walio wazima." Kisha akaokota unyoya mwekundu kando ya sufuria ya maji. "Kuku waliochinjiwa hapa walikuwa wa nani?"

Mpawenimana alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji.

"Wangu," alisema Bi Mwanaamina.

"Hapana, Daktari. Walikuwa wangu." Uji ulimmwagikia vidoleni, wala hakuujali. "Nilidhani namletea mama kitoweo."

Namjua Bi Mwanaamina na hasira zake, na siku ile niliogopa. Alimtazama Mpawenimana, akamtazama tausi.

"Na paja nililila mimi, mwanangu," alisema. "Weka bakuli chini, ukae."

Tausi alikufa kabla ya adhuhuri. Mzee Isihaka alikuwa ameshanoa kisu, mazoea yana taabu, Daktari akamzuia. Tulichimba shimo refu, tukamzika na manyoya yake yote, hata yale ya mkia ambayo watoto waliyalilia. Daktari akanawa, akabadilisha nguo, akapita nyumba ambazo ugonjwa haujaingia akidondoshea kuku chanjo machoni.

Alfajiri iliyofuata niliamka mwenyewe, nikangoja ule ukelele. Kimya. Kiliniuma, mimi niliyemlaani miaka yote ile.

Halafu nikasikia kandambili zikija njiani, na mlango wa jirani ukagongwa.

"Hodi, Mama. Mwaramutse." Ilikuwa sauti ya Mpawenimana, na salamu ya asubuhi ya kwao. "Kumekucha. Amka uswali."

Komeo likafunguliwa, kisha nikasikia maji yakimiminwa.