Ganda Lisilochuja

"Usinitajie bei uliyoiota," mama alimwambia yule bwana mwenye kofia, huku akiigeuza gemu ya mkononi chini ya taa. "Nitajie ulikoipata."

Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Bwana mwenye kofia, ambaye wakusanyaji wenzake wa gemu za zamani walimbandika jina la Bei Juu, naye akacheka, maana kwa mama huyu hakuna aliyenuna.

Mumewe alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, kifua mbele kidogo. Kazi yake siku hiyo ilikuwa kumpa bisibisi na kitambaa, na kumtazama. Kumtazama hakukumchosha. Siku nyingine zote mkewe alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya shule. Lakini mara moja kwa mwaka, katika ukumbi huu wa maktaba, watu wazima na ndevu zao walipanga foleni wakiwa wamekumbatia gemu za utotoni mwao kama wagonjwa wanaosubiri majibu ya vipimo. Alibonyeza vitufe akisikiliza vinavyolia. Alinusa sehemu ya betri kama anayenusa maziwa yaliyolala. Kisha alisema kama ni halisi na bei yake ni ipi, na alichosema hakikupingwa.

Katikati ya meza, juu ya kitambaa cheusi, ilikaa gemu yake mwenyewe, ile ya ganda la plastiki la kuona ndani. Zamani zilitolewa chache tu, kwa washindi wa shindano, na wakusanyaji wengi waliijua kwa picha. Alipewa na mumewe.

"Tena haijachuja hata kidogo," alipenda kuwaambia wageni. "Nyingine zote zinageuka rangi. Hii imekataa."

Kila aliposema hivyo, mumewe aliangalia viatu vyake.

Alikuwa fundi wa meno bandia, katika chumba cha nyuma cha kliniki, kwenye vumbi la plasta na mlio wa mashine ya kung'arishia. Wagonjwa hawakumjua. Walimshukuru daktari, wakaenda zao, na fundi alipokutana nao barabarani wakicheka kwa meno aliyoyatengeneza yeye, walimpita kama nguzo ya umeme. Hakulalamika. Meno yakianza kuulizwa ni kazi ya nani, ujue hayakutengenezwa vizuri.

Gemu ile aliikuta kwa muuza vyuma chakavu, chini ya redio mbovu. Ganda lilikuwa limepondeka, kana kwamba gari lilipita juu yake, lakini alipoitia betri ikawaka. Kwa majuma kadhaa alibaki kazini wenzake wakiondoka. Akaviunganisha vipande, akatoa kalibu ya plasta, akamimina ile plastiki angavu ya kutengenezea meno. Ganda la kwanza likatoka na viputo. Lililofuata likapinda. Lile lililotoka zuri alilisugua na kuling'arisha mpaka vidole vikafa ganzi.

Alikusudia kumwambia. Ila mkewe alipoifungua zawadi alipiga ukelele, akamkumbatia mpaka miwani ikaanguka, na yeye akainama kuiokota badala ya kusema. Kisha wakaanza kuja watu kuiona. Baada ya hapo ikawa haisemeki tena.

"Anayefuata," mkewe aliita.

Akasogea mwanamke mrefu mwenye koti la kazi, akatoa kitu kwenye mfuko wa plastiki.

"Shikamoo mama. Mimi si mkusanyaji, ni dereva wa lori. Hii nachezea kwenye foleni za mizani tangu nianze kuendesha. Mwenzangu ndiye aliyeniambia niilete."

Ilikuwa gemu ya aina ileile, ya ganda la kuona ndani. Kona zilikuwa zimelika, kifuniko cha betri hakipo, na rangi yake imegeuka ya chai hafifu.

Fundi alishika mgongo wa kiti cha mkewe.

"Marahaba, mwanangu," mkewe alisema polepole. "Karibu sana. Baba watoto, nipe ile yangu."

"Si umalize kwanza na huyu..."

"Nipe tu."

Akampa. Mkewe akaziweka sambamba, moja ya chai, moja ya maji. Ukumbi ukajongea. Bei Juu alichungulia juu ya bega la mtu, akatangaza kuwa ya dereva imechoka, hata ushindani haupo. Mama alizipima uzito, moja kila kiganja. Akapitisha ukucha kwenye ukingo wa ganda lake, akaliinua kwenye taa, akalitazama hivyo kwa muda mrefu.

"Mng'aro huu naujua," alisema hatimaye, karibu kwa kunong'ona. "Ni wa meno ya marehemu mama yangu. Yale uliyomtengenezea wewe."

Fundi alitafuta pa kuweka mikono, akapakosa.

"Ganda lake lilikuwa limepondeka," alisema. "Ndani ilikuwa nzima. Nikaona... niliona ungefurahi."

"Ulilimimina mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Miaka yote hii unaniacha nawatambia watu!"

"Nilitaka kukwambia. Kila siku nilitaka."

Mkewe akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Fundi alimjua. Hapo alikuwa anachagua, na hakuna mtu angeweza kumsaidia. Angeweza kuirudisha gemu yake kwenye kitambaa, akasema zote mbili ni nzuri, na watu wakaondoka wameridhika.

"Ya dada ndiyo halisi," alisema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni. "Ile rangi ya chai ndiyo ushahidi. Ganda la kiwandani lazima lichuje. Bei yake ni ya pikipiki mpya, na asikudanganye mtu, mwanangu. Iwekeni hapa katikati." Akaiondoa yake kwenye kitambaa cheusi kwa mkono wake mwenyewe. Mkono ulisita kidogo tu.

"Kwa hiyo yako ni feki?" Bei Juu aliuliza.

"Ndani halisi, ganda la kutengenezwa. Kwa mkusanyaji, haifiki hata robo ya hiyo." Akageuka akamtazama mumewe, na shavu lake likaanza kucheza kwa kicheko alichokizuia. "Amelitengeneza mume wangu. Mimi nimeishika gemu hii kila wiki, nimeifuta, nimelala nayo, na jicho hili mnalolipangia foleni halikuona kitu. Nionyesheni mwingine aliyewahi kunipita hivyo."

Alitamka "mume wangu" kwa ile sauti aliyoiweka kwa ajili ya gemu zisizopatikana.

"Nyumbani tutaongea," akaongeza, na ukumbi ukaangua kicheko.

Gemu ikaanza kupita mkono kwa mkono. Waliitafuta alama ya kalibu, wakaikosa. Mmoja aliuliza matundu ya vitufe aliyatoboaje, mwingine akataka kujua kwa nini halikupinda, na fundi, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuulizwa kitu na aliyevaa kazi yake, alianza kueleza kwa kigugumizi. Alipofika kwenye viputo kigugumizi kilikuwa kimeisha, na mikono imepata kazi hewani.

Mkewe alisimama, akamsukumia kiti chake. Fundi akakaa.

Dereva ndiye aliyekuja mbele, gemu yake mkononi.

"Mzee, kifuniko cha betri kilipotea njiani. Nimekuwa nafunga na utepe. Unaweza?"

Fundi aliipokea. Akafumba macho na kupitisha kidole gumba kwenye lile pengo, ukingo hadi ukingo, taratibu, kama afanyavyo kwenye ufizi.

"Unakitaka kifuniko angavu," aliuliza, "au nikitie rangi ya chai?"

Dereva akawa anafikiri. Mama alikuwa ameshaisogeza taa karibu na mkono wa mumewe, na ameinama kuona.