Kamati ya Programu Isiyokuwepo

Rispa alipopewa cheo cha Katibu wa Ufundi, programu yenyewe ilikuwa haina hata mstari mmoja. Jina ilikuwa nalo, nembo ilikuwa nayo, mlezi wa heshima alikuwa Nairobi akingoja kualikwa, na fulana za kijani zilikwisha kuchapishwa mgongoni: NANI CHINI, PROGRAMU HURIA YA WACHIMBAJI. Kilichokosekana ni programu tu.

Mwenye mambo haya yote alikuwa Zadock, kijana wa Homa Bay aliyewahi kuhudhuria makongamano matatu ya kompyuta na kurudi nyumbani na vitambulisho vya shingoni, ambavyo hakuvivua mpaka kamba zilipochakaa. Wazo lake, tuseme kweli, halikuwa baya. Kwenye machimbo ya dhahabu ya Osiri watu huingia shimoni bila kuandikwa popote, na shimo likiporomoka hakuna anayejua wamebaki wangapi ndani. Zadock alitaka mchimbaji atume ujumbe akiingia na akitoka, hata kwa simu ndogo ya mulika mwizi. Asipotoka kwa wakati, watu wake wapigiwe simu. Na kwa kuwa ni programu huria, mtu yeyote angeweza kuisoma, kuirekebisha na kuitumia bure, kuanzia Masara hadi ng'ambo ya mpaka.

Wazo hilo lilimgusa Rispa pabaya. Yeye ni Mkuria wa Kehancha, ana kibanda cha kutengeneza kompyuta Migori mjini, na huandika programu za maduka ya dawa na vyama vya wakulima. Mdogo wake, Wangwe, alikuwa akiingia kwenye mashimo hayo hayo ya Osiri siku sita kwa wiki, na kila simu yake ilipozima, dada mtu alipiga tena na tena mpaka ipatikane. Basi akaenda Homa Bay kwenye mkutano wa kwanza na kompyuta yake mgongoni, tayari kuanza kazi siku iyo hiyo.

Kompyuta haikutoka mkobani. Mkutano ulifunguliwa kwa maombi, ukafuata utambulisho, na kila mtu akajitambulisha pamoja na kanisa lake. Kisha uchaguzi. Huku kwetu watu watatu wakitaka kuchimba choo, watachagua kwanza mwenyekiti, katibu na mweka hazina, watamtafuta mlezi, na choo kitangoja. Mwenyekiti akiwa Mjaluo, katibu sharti awe Mkuria. Mweka hazina awe mwanamke, kwa sababu wanaume hawaaminiki, na msaidizi wake awe mwanamume, maana bila mwanamume kazi haiendi. Hazina yenyewe haikuwepo, lakini hilo halikumsumbua mtu. Saa nzima iliishia kwenye nembo: iwe taa ya mchimbaji au samaki? "Na sisi watu wa ziwa lazima tujione," mmoja alisema kwa uchungu, kana kwamba kuna mtu aliyempokonya ziwa. Mwisho wake akachorwa samaki aliyevaa taa kichwani.

"Code iko wapi?" Rispa aliuliza.

Zadock alimtazama kwa huruma ya mtu aliyehudhuria makongamano. "Madam Rispa, code ni kitu ya mwisho. Kwanza watu. Ukiweka code kabla ya community, nani ataitumia?"

"Na ukiweka community bila code, itatumia nini?"

Watu wakacheka, Zadock akacheka nao, halafu akampendekeza awe katibu. Ndivyo mwenye mdomo anavyonyamazishwa kwetu: hupewa kiti.

Angeweza kuiandika kwa wiki mbili. Alilijua hilo aliporudi Migori, na alilijua kila asubuhi alipofungua kibanda. Lakini kila alipoikumbuka ile fulana, roho ilimkataa. Aandike yeye, halafu Zadock asimame jukwaani na samaki wake apigwe picha? Thubutu! Mbio za sakafuni huishia ukingoni, alijiambia, na huyu ukingo wake hauko mbali. Akala kiapo kwamba hataandika kitu mpaka mtu yule akiri mbele ya wote kwamba hana kitu.

Miezi ikapita. Grupu la WhatsApp likafika watu mia tatu na arobaini. Zikatungwa kanuni za maadili, kurasa tisa. Ukurasa wa mradi mtandaoni ulikuwa na faili moja tu, lililosema "Karibuni", na wanachama wakaagizwa waubonyezee nyota. Neno hilo moja likapata nyota sabini na nne. Makamu wawili wa mwenyekiti wakagombana, mmoja akatoka kwenye grupu kwa hasira, akarudishwa kwa kubembelezwa, akatoka tena. Rispa aliyafuata yote, na mteja yeyote aliyekaa kibandani kungoja laptopu yake alisomewa. Ilikuwa burudani ya bure, naye hakumnyima mtu.

Mmoja tu kwenye grupu lile ndiye aliyekuwa akiuliza la maana. Huyo ni Cate, mama anayeuza uji na mandazi kando ya mashimo ya Osiri. Kila Jumatatu aliandika: "Hiyo kitu itaanza lini? Watu wanaingia huku." Zadock, aliyekuwa mwenyekiti, alimjibu kwa emoji ya mikono inayoomba. Rispa alimjibu kwa ile inayocheka hadi machozi: "Uliza chairman."

Cate akachoka kuuliza lini. "Sawa," aliandika siku moja, "hata kama haijakuwa tayari, mimi niandike nini? Kwa kitabu tu."

Hapo Zadock akapata kazi aliyozaliwa kuifanya. Siku mbili baadaye alitoa Mwongozo wa Muda wenye vifungu kumi na kimoja. Kumi vilihusu madaraka ya kamati. Kimoja kilisema: jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka, nambari ya mtu wa kupigiwa. Rispa aliusoma mbele ya wateja wawili akashika mbavu. Programu ya kalamu! Open source ya daftari la shule! Akaandika kwenye grupu, "Hongera wakuu, sasa tuombe wino usiishe," na watu ishirini na sita wakambonyezea kicheko. Cate akanunua daftari.

Alhamisi moja ya Aprili, baada ya mvua ya siku tatu, simu ya Rispa iliita saa tano asubuhi. Nambari ilikuwa ngeni.

"Wewe ndio Rispa? Ni Cate wa Osiri. Wangwe ni ndugu yako? Shimo ya Okari imeanguka. Kuja haraka, nyaminwa, dada yangu, wanataka kuacha kuchimba."

Alifika kwa bodaboda, matope hadi kiunoni, hajui hata kama kibanda alikifunga. Cate alikuwa amesimama ukingoni mwa shimo, sauti imemkauka kwa kupiga kelele, daftari amelifunga kifuani kwa leso. Mwenye shimo, Okari, alikuwa akieleza kwa upole jambo ambalo alikwisha kulieleza mara nyingi: walioingia asubuhi ni sita, waliotoka ni sita, basi watu watawanyike, kuta bado zinateleza. Ilionekana wazi alitaka pawe peupe kabla maofisa hawajafika.

"Arasa umemhesabu?" Cate aliuliza.

"Arasa alitoka mapema, tumbo ilimshika, akaenda nyumbani. Ni kati ya wale sita."

"Na mwenye alichukua nafasi yake? Wangwe ameingia saa nne kasorobo. Nimeandika. Hajatoka."

"Mama uji," Okari alisema, "wewe unajua nini mambo ya shimo?"

Wachimbaji hawakumngoja amalize. Walilijua daftari lile, kwa sababu lilikuwa limewasumbua kila asubuhi: kwa Cate, asiyetaja jina na saa hapewi uji. Mmoja akalichukua, akasoma kwa sauti majina saba. Halafu wakarudi kwenye majembe na kamba bila kumuomba Okari ruhusa.

Saa nane Zadock alifika kutoka Homa Bay, ndani ya fulana. Rispa, aliyekuwa kwenye msururu wa kupokezana ndoo za udongo, alimwona akivuta pumzi na kuinua mkono, na akajua kabisa anataka kuomba dakika moja ya maombi. Mchimbaji mmoja akamsukumia ndoo kifuani. Zadock akaipokea, akaipitisha, akapokea nyingine. Alipitisha ndoo mpaka samaki wa kwenye fulana akafunikwa na tope. Rispa akajikuta chuki yake kwa mtu yule imepungua tangu asubuhi, na hilo likamuudhi.

Saa tisa wakasikia kugonga. Saa kumi Wangwe akatolewa, mguu umevunjika, kinywa kimejaa udongo, hai.

Wakamlaza kwenye kibanda cha uji kungoja gari. Rispa alikipakata kichwa chake akalia bila kujificha. Alipoweza kusema, alisema, "Ero kamano, asante, Mama. Umeniokolea ndugu."

"Tumshukuru Mungu." Cate alikuwa akilipangusa daftari kwa leso, na hakuwa na hasira hata kidogo; afadhali angekuwa nayo. "Lakini mimi ni mmoja, nyaminwa. Leo nilikuwa karibu. Nikienda kuteka maji, mtu anaingia na sijui. Hiyo ya simu haiwezi kwenda kuteka maji. Mimi nikiuliza, chairman ananiambia tusikusumbue. Ati fundi tunaye, ni katibu, anaandika pole pole, na utani ni tabia yake." Akamtazama. "Umefika wapi?"

Wangwe akafumbua macho. "Kumbe fundi wao ni wewe, dada?"

Rispa akageuka kumtafuta Zadock, kwa mazoea, apate wa kumcheka. Zadock alikuwa mlangoni, matope hadi kwenye nyusi, naye akingoja jibu. Usoni mwake hamkuwa na hila yoyote. Mtu yule alikuwa ameamini kweli, miezi yote hiyo, kwamba yeye anakusanya watu na Rispa anaandika.

"Sijaanza," Rispa akasema, na safari hii hapakuwa na hata mmoja aliyecheka.