Kakakuona wa Jabali Lililopasuka

Sheria ya kikundi ilikuwa moja tu: mnyama mtaje, mahali usitaje. Sidonia, binti aliyetukusanya wasimulizi wa mambo ya pori kila Jumamosi mchana kwenye chumba cha kupanga pale Ipagala, aliirudia kila mara kabla ya kuturekodi kwa simu yake. Simulizi zetu zilikwenda redioni. "Majangili nao wanasikiliza redio, babu zangu."

Mimi, dereva wa greda mstaafu, niliona hainihusu. Wanyama wangu wote nilikuwa nawatunga mwenyewe. Mnyama ambaye hayupo nani atamwiba?

Basi siku hiyo nikawapa kakakuona. Nikasema nilimkuta nyuma ya kijiji cha Kolo, kwenye jabali lililopasuka katikati kama andazi, upande wa magharibi. Nikamwekea unga, maji na kisu, kama wazee wafanyavyo, achague mwaka utakuwaje: shibe, mvua au vita. Akavipita vyote, akaiendea barua yangu ya kustaafu, akailamba saini ya mkurugenzi mpaka ikafutika. "Kwa hiyo kisheria bado niko kazini!" nikamalizia. Abbasi, msimulizi mwenzetu, alicheka mpaka akamwaga chai.

Faustini hakucheka. Huyu ni mkulima, Msandawe. Miezi minne alikuwa akija bila kusimulia neno. Akanifuata mlangoni.

"Mzee Swalihu, nani kakuonyesha lile jabali?"

Nililipita mwaka tisini na moja nikichonga barabara, wala sikushuka kwenye greda. Lakini nikiri hivyo, watu wakinisikia? "Macho yangu haya," nikamjibu.

"Rudi ndani, tafadhali. Mwambie Sidonia umetunga, afute. Nikiomba mimi, watajua yupo kweli."

"Mimi nitunge? Wivu tu huo. Wewe hadithi huna."

"Ninayo," akasema. "Ndiyo maana nanyamaza."

Simulizi ikaenda redioni nzima; kwa kicheko kile hata Sidonia hakukumbuka kukata mahali.

Wiki tatu baadaye Faustini alirudi na kitambaa, akakifungua mezani. Gamba moja la kakakuona, rangi ya udongo, damu imekaukia pembeni.

"Majangili wamefukua shimo lake mpaka chini. Alikuwa na mtoto. Miaka sita nampitia pale, hata mke wangu hajui."

Sidonia akanigeukia. "Babu, ulijuaje?"

Nikasimama. "Sikujua. Nilitunga. Tangu nizaliwe sijamwona kakakuona. Nilitaka tu jabali zuri la kuwekea hadithi."

"Mzee, leo usitutungie," Abbasi akasema, na hakuwa anacheka. "Sema ulimuuzia nani."

Nikaapa kwa Mungu. Nikaapa tena. Kila nilivyozidi kuapa ndivyo walivyozidi kutazama chini.

"Mwacheni," Faustini akasema. "Hajauza. Angekuwa ameuza, angekuwa amemwona."

Akaushika mkono wangu, akaufungua, akaniwekea lile gamba kiganjani. Lilikuwa jepesi sana.

"Ndiye huyo," akasema. "Sasa umemwona."