Sahani Iliyoanikwa Juani

Kabla ya adhana nilisikia kifuniko cha sufuria kikiwekwa chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Alikuwa Husna, mke wa mwanangu. Alikuwa anachemsha mihogo ya safari yangu na hakutaka niamke. Nilijilaza kimya, nikamwachia raha ya kudhani kwamba amefaulu.

Siku ile nilikuwa nakwenda Korogwe kumwona rafiki yangu Chandrika. Nilikuwa nimpelekee sahani ya santuri, na sahani yenyewe ilikuwa imeharibika. Husna ndiye aliyeiharibu, bila kujua.

Kwetu Kang'ata mvua zikikatika tunatoa nje kila kilicholala ndani: maharage, magodoro, mito, hata masanduku tunayafunua yapigwe jua. Kisichoanikwa huingia ukungu au wadudu. Husna aliposikia kwamba sahani inakwenda Korogwe, aliitoa kwenye mfuko wake wa karatasi, akaifuta kwa khanga yake nzuri, akailaza mkekani kati ya maharage na mto wangu. Mimi nilikuwa shamba. Niliporudi, upande mmoja ulikuwa umefura kama chapati inayoanza kuiva.

"Mama, nilitaka iende ikiwa safi," aliniambia. Aliilaza chini ya gunia la mahindi, akawa anakwenda kuichungulia kama mgonjwa. Ilitoka vilevile.

Kwenye sahani ile kuna wimbo mmoja. Anayeimba ni marehemu mume wangu, Kibwana. Anayepiga kodiani ni marehemu Jayanti, mume wa Chandrika, aliyekuwa na duka la vitambaa Korogwe. Ujanani walikuwa na kikundi chao cha tarabu cha kupiga kwenye harusi, wakaenda Dar es Salaam kurekodi mara moja tu, wakarudi wakitembea kama mabwana wakubwa. Sahani ya Chandrika ilikwenda na maji mwaka duka lao lilipofurika. Yangu ikabaki.

Sasa daktari alikuwa amemwambia Chandrika kwamba sikio la kushoto limekwisha, na la kulia liko njiani. Alinipigia simu mwenyewe, kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto.

"Zamda! Niletee Jayanti wangu nimsikie, kabla masikio hayajafunga duka!"

Nilimjibu kwamba nitakuja. Habari ya jua sikuwa nimempa.

Husna alinisindikiza hadi kwenye pikipiki, akamsihi kijana aendeshe polepole kwa sababu amebeba mama yake. Kisha akaniuliza, "Utamwambia ni mimi?"

"Nitamwambia jua lilikuwa kali," nikasema.

Korogwe nilifunguliwa mlango na Viral, mjukuu wa Chandrika, anayesimamia duka siku hizi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Mbona umenawiri hivi? Nani anakupikia na mimi niko Kang'ata?"

Alicheka mpaka akainama. Akanipokea mzigo, akaleta maji ya kunywa, na nilipokaa alisukuma kigoda chini ya miguu yangu. Sikuwa nimesema kwamba miguu inaniuma.

Chandrika alikuwa kwenye kiti chake karibu na santuri yao ya zamani, ile ya sanduku kubwa la mbao lenye miguu minne. Alinishika uso kwa mikono yote miwili. Nikaitoa sahani. Akapitisha kidole ukingoni, kikapanda, kikashuka.

"Nani ameikaanga?" akauliza.

Nilisogea kwenye sikio lake la kulia. "Jua la Kang'ata."

"Na jua liliingia lenyewe kabatini?"

Nikashindwa kudanganya. Nikamweleza habari ya Husna, na jinsi alivyoifuta kwanza kwa khanga ya sikukuu. Chandrika alipitisha tena kidole ukingoni. Nilijua alichokuwa anakiwaza, maana nilikuwa nakiwaza mimi njia nzima: kwamba sikio lile halitamngoja mtu atafute sahani nyingine.

"Kwa hiyo amemwogesha Jayanti, akamwanika," alisema mwishoni. "Hata mimi mkewe sikumtunza hivyo."

Viral alikuwa ameshatoa simu. "Msihangaike, bibi zangu. Wimbo huu nimeuona mtandaoni. Kuna mtu aliyekuwa na sahani kama hii, ameuweka, ameusafisha, hauna hata mkwaruzo. Sahani ni mambo ya zamani. Kwenye simu sauti ni safi zaidi."

"Safi kama chai ya wageni wa ofisini," Chandrika alimjibu. "Maji ya moto na rangi."

"Ba, hujaisikia bado." Viral humwita bibi yake Ba, kama kwao wanavyoita.

Aliniwekea mimi kwanza vile vidude vya masikioni. Nami lazima niseme kweli, kijana hakudanganya. Nilimsikia Kibwana kama yuko kwenye mkeka wangu. Nilimsikia akivuta pumzi kabla ya kuanza mstari. Pumzi ile sikuwahi kuisikia kwenye sahani yangu, ambayo tangu zamani ilikuwa ikikwaruza kama mtu anayepepeta mchele jirani. Nikafunika macho kwa ukingo wa khanga.

Kisha akamvika Chandrika. Chandrika aliinamisha kichwa. Viral akaongeza sauti, akaongeza tena, hata mimi niliyekaa pembeni nikawa nausikia wimbo.

"Nzi," alisema Chandrika. "Nzi ndani ya chupa." Akangoja. "Kodiani imeshaingia?"

"Imeshapita, Ba," Viral alisema, kwa sauti ndogo.

Chandrika hakuisikia sauti hiyo, lakini aliuona uso wa mjukuu wake. Alivivua vile vidude taratibu, akaviweka kwenye kiganja cha Viral na kumkunjia vidole juu yake, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima.

"Weka iliyokaangwa," akasema.

"Itaharibu sindano, Ba."

"Sindano namtunzia nani?"

Viral akaiweka. Sindano ilipofika penye kilima iliruka. Alitafuta mfukoni, akabandika sarafu juu ya mkono wa santuri ili uwe mzito, na sasa sindano ikapanda na kushuka bila kuruka. Lakini wimbo! Kibwana alipanda na kushuka nao, kama mtu anayeimba juu ya punda. Viral aliziba mdomo asicheke. Nami nilicheka, Mungu anisamehe, kwa kuwa mume wangu alikuwa mtu wa kujivunia sana sauti yake.

Chandrika hakucheka. Alikuwa ameweka kiganja juu ya mbao.

"Nasikia du, du, ya mkononi tu," alisema. "Sauti yenyewe hakuna."

Nikaona basi, safari imekuwa bure. Nikawa natafuta maneno ya kumwambia. Lakini yeye aliinama zaidi, macho kwenye sahani. Sahani isiyoharibika ikizunguka utadhani imesimama, ni weusi mtupu. Hii yetu ule upande uliofura ulikuwa ukija unainuka, ukipita unalala, ukija tena.

"Inapumua," alisema. "Zamda, itazame."

Akaanza kutusimulia, macho hayatoki pale. Jayanti alikuwa akifanya mazoezi hapahapa kila jioni, kodiani kifuani, akipiga pamoja na sahani. Yeye Chandrika alikuwa akikata mboga kwenye kile kiti. Jayanti alimwambia aitazame sindano, ikikaribia karatasi ya katikati, ikibaki nafasi ya kidole, ndipo yeye anaingia.

"Nilikuwa namwinulia kidole," alisema. "Mtu mzima, na wimbo wake mwenyewe, bado anataka kuinuliwa kidole!"

Midomo yake ilikuwa inafuata maneno ya Kibwana, neno kwa neno. Sindano ilikuwa inasogea. Aliinua kidole.

"Sasa," akasema.

Na kodiani ikaingia. Iliingia ikiyumba, imelewa kabisa, lakini iliingia palepale. Viral alinitazama. Mimi nilimtazama Chandrika, vidole vyake vikicheza juu ya mbao, kushoto kwenda kulia na kurudi, bila kukosea.

"Huyu hapa," alisema. "Kwenye simu alinipita, sikujua yuko wapi. Hapa namwona akija."

Wimbo ulipokwisha hakuna aliyeomba kitu. Viral mwenyewe alirudisha sindano mwanzo.

Jioni aliponisindikiza stendi alinong'ona, "Bibi, lakini bado simu ina sauti nzuri zaidi."

"Kweli, mume wangu. Ndiyo maana nataka uniwekee kwenye yangu. Nataka kumsikia Kibwana akivuta pumzi."

Aliniwekea palepale, akanionyesha pa kubonyeza, akanionyesha tena bila kuchoka. Sahani nilikuwa nimeiacha kwa mwenyewe, Chandrika.

Kabla sijaondoka pale nyumbani, Chandrika alikuwa amekuja hadi mlangoni, akanishika kiwiko.

"Mwambie huyo Husna asilie tena. Na wewe utarudi lini?"

"Nikimaliza kuvuna mahindi."

"Usinipe habari za mahindi. Watu wakijua husikii, hupunguza kuja. Wanaona watapoteza maneno. Wewe njoo ukae pale, nikutazame ukisema."

Nikamsogelea sikioni, nikamwambia kwamba nitakuja, asikie au asisikie.

Alitikisa kichwa, akatabasamu, kiwiko changu akakikaza.

"Hilo sijalisikia vizuri," alisema. "Njoo tena uniambie."